Nyanya imetoka mbali kabla ya kufika kwenye sufuria yako

Muulize mtoto aliyetoka kula sasa hivi amekula nini. Atasema wali maharage, ugali dagaa, au chapati na mchuzi. Nyanya haitaji, ingawa bila hiyo maharage yale yangekuwa na sura nyingine na dagaa wale wangeshuka kooni kwa shida. Ndivyo ilivyo kwa vitu vya kila siku: vinaingia sufuriani, vinayeyuka, na jina lao linayeyuka navyo.

Nyanya hutajwa siku inapopanda bei. Mvua zikizidi na mashamba yakiharibika, fungu lililokuwa na nyanya sita linabaki na tatu, na hapo nyumba nzima inaanza kuizungumzia. Mama anapika kwa kuhesabu, baba anauliza mbona mchuzi mweupe. Zikishuka bei, mazungumzo yanakwisha. Ni nadra kusikia mtu akisema leo nyanya ni nyingi, tushukuru.

Wazazi wengi wanataka watoto wao wajue kushukuru, na njia inayotumika zaidi ni amri. "Sema asante." Hiyo ni adabu njema na iendelee. Ipo nyingine inayosikika mezani mtoto anapoacha chakula: "Kula, kuna wenzako hawana hata hicho." Hii haimfundishi shukrani. Mtoto wa miaka sita hajui namna ambavyo kumaliza ugali wake kutamshibisha mtoto mwingine asiyemfahamu. Anachojifunza ni kwamba chakula ni deni, na kwamba akishiba ana kosa.

Kuna njia ya polepole zaidi, nayo haihitaji hotuba. Ni kumsimulia mtoto kile kilicho kwenye sahani yake kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani. Nyanya peke yake ina masimulizi ya kutosha jioni kadhaa za umeme kukatika.

Yaanze mbali, Amerika ya Kusini. Jamaa wa nyanya za porini huota hadi leo upande wa magharibi wa bara hilo, katika nchi kama Peru na Ekuado, na matunda yake mengi ni madogo kama punje za zabibu. Waliozifanya kuwa zao la shambani, wakichagua mbegu za matunda makubwa msimu baada ya msimu, ni wakulima wa eneo ambalo leo ni Meksiko. Majina yao hayakuandikwa popote. Waazteki waliita tunda hilo jekundu xitomatl, na kutokana na lugha yao Wahispania walipata neno tomate, ambalo limeenea katika lugha nyingi za dunia.

Mtawa wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, aliyeishi Meksiko katika karne ya 16, alikusanya maelezo ya maisha ya Waazteki, na sokoni hakuwasahau wauza nyanya. Kazi yake inaeleza kuhusu nyanya kubwa na ndogo, nyekundu na za njano, na michuzi iliyochanganywa na pilipili. Inaeleza pia kuhusu muuzaji mbaya, yule anayeuza zilizopondeka na kuoza, zinazomharisha mlaji. Mama anayebinyabinya nyanya gengeni asubuhi kabla ya kulipa anafanya kazi iliyofanywa na wanawake wa Meksiko karibu miaka 500 iliyopita.

Baada ya Wahispania kuuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, nyanya ilivuka bahari. Ulaya hawakujua wafanye nayo nini. Mwaka 1544 tabibu na mtaalamu wa mimea wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliieleza katika kitabu chake. Miaka minne baadaye, Oktoba 31, 1548, kapu la nyanya kutoka shamba la mtawala wa Florence, Cosimo de' Medici, lilifika kwenye nyumba yake mjini Pisa, na msimamizi wa nyumba akaandika barua kuarifu kwamba limefika salama. Hapo nyanya ilikuwa kitu cha kuangaliwa zaidi kuliko cha kuliwa. Wataliano wakaiita tunda la dhahabu, pomodoro, pengine kwa sababu za kwanza walizoziona zilikuwa za njano.

Wengine waliiogopa kabisa. Mwingereza John Gerard, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1597, hakuwa na neno zuri juu yake, na maoni ya aina hiyo yaliifanya nyanya ibaki pambo la bustani huko Uingereza kwa muda mrefu. Hofu yenyewe haikuwa ya kijinga kabisa. Nyanya ni ya ukoo mmoja na mimea kadhaa yenye sumu, na majani yake si ya kula. Lakini ukoo huohuo ndio wenye viazi mviringo, biringanya, pilipili na mnavu wetu wa kuchemsha. Ilichukua muda watu kuthubutu. Mapishi ya mchuzi wa nyanya yalichapishwa Napoli mwaka 1692 katika kitabu cha Antonio Latini, miaka karibu 150 baada ya lile kapu la Pisa. Leo ukimwambia Mtaliano apike bila nyanya atakushangaa.

Watoto wa shule hupenda kubishana kama nyanya ni tunda au mboga. Ubishi huo ulishafika Mahakama Kuu ya Marekani. Sheria ya forodha ya mwaka 1883 ilitoza ushuru wa asilimia 10 kwa mboga zinazotoka nje, lakini matunda mabichi yalipita bure. Waagizaji wa New York, familia ya Nix, wakamshtaki mkusanya ushuru wa bandari, Edward Hedden, wakidai nyanya ni tunda. Mwaka 1893 majaji walikubali kwamba kwa mtaalamu wa mimea ni tunda kweli, ila jikoni inapikwa na kuliwa pamoja na chakula kama mboga, kwa hiyo ilipe ushuru. Mama yeyote anayepika angewapa jibu hilo bila wakili.

Huku kwetu nyanya ilikuta ndugu zake wamekwishafika. Nyanya chungu, ambayo wengi huiita ngogwe, ni ya ukoo huohuo na asili yake ni Afrika. Lugha nayo imeipokea mgeni huyo kwa namna mbalimbali. Zanzibar na sehemu nyingine za pwani ni tungule. Kenya neno nyanya hubeba pia maana ya bibi, mama mzaa mama au mama mzaa baba, jambo ambalo huwachekesha sana watoto wa Tanzania wanapolisikia kwa mara ya kwanza.

Sehemu ya simulizi inayowavutia watoto kuliko zote ni ya kobe. Kuna nyanya ya porini inayoota katika visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki. Mtafiti Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alizipata mbegu zake lakini zilikuwa ngumu kuota. Alijaribu njia mbalimbali. Hatimaye yeye na mwenzake Robert Bowman waliwalisha kobe wakubwa wa visiwa hivyo matunda yale, wakasubiri, wakakusanya kinyesi, wakapanda mbegu zilizotoka. Zikaota. Waliandika matokeo hayo mwaka 1961. Katika nyanya hiyo ya Galápagos kulikuwa na sifa moja muhimu: tunda linachomoka bila kubaki na kikonyo. Watafiti waliihamishia sifa hiyo kwenye nyanya za mashambani, ikasaidia uvunaji wa mashine wa nyanya za kusindikwa viwandani. Kwa hiyo ukifungua kopo la nyanya, huenda kuna deni dogo kwa kobe.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye makao makuu Taiwan, kilifungua ofisi yake ya kanda Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997, kwa kushirikiana na watafiti wa serikali wa Tengeru, zikatolewa aina mbili za nyanya, Tanya na Tengeru 97. Mkulima anazipenda kwa sababu ganda lake ni gumu kiasi. Mpishi anaweza asijali ugumu wa ganda, lakini nyanya inayosafirishwa kwa lori kutoka Iringa hadi Dar es Salaam inaujali sana.

Safari hiyo ndiyo mtoto wa mjini haioni. Anayepita barabara kuu kuelekea Iringa ataziona pale Ilula, zimepangwa kando ya barabara kwenye ndoo na matenga. Nyingine hutoka Morogoro, Lushoto, Kilimanjaro na Arumeru. Miche ilioteshwa kitaluni, ikahamishwa, ikafungwa kwenye mambo ili isilale chini, ikamwagiliwa, ikapigwa dawa. Ikavunwa kwa mkono, tunda moja moja, kabla haijaiva sawasawa ili ihimili njia. Ikalala kwenye lori, ikashushwa sokoni alfajiri na wabebaji, ikagawanywa, ikapanda bodaboda au daladala hadi kwa mama wa genge, ambaye naye aliamka saa kumi usiku. Yeye ndiye aliyezipanga katika mafungu, kubwa juu, zenye kovu chini.

Na yote hayo yanaweza kwenda na maji. Mwaka 2014 alionekana nchini nondo ambaye mabuu wake wanatoboa majani na matunda ya nyanya, kitaalamu Tuta absoluta. Wakulima wakampa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kule kule nyanya ilikotoka. Aliingia Hispania mwaka 2006, na miaka minane baadaye alikuwa Arumeru. Asipodhibitiwa anaweza kulimaliza shamba zima. Adui mwingine wa mkulima ni mavuno mazuri ya wote kwa wakati mmoja: nyanya zikijaa sokoni, tenga halirudishi hata gharama ya usafiri, na wapo wanaoziacha shambani zioze. Wiki hiyo ndiyo mlaji wa mjini anafurahia fungu la bei poa na bado anadai nyongeza.

Kudai nyongeza si dhambi, ni sehemu ya soko letu. Lakini mzazi anayemkandamiza mama wa genge kwa shilingi 100 mbele ya mtoto, halafu jioni akamfundisha mtoto huyo kushukuru kwa chakula, ajue somo la mchana ndilo litakalokumbukwa.

Sayansi nayo ina la kusema juu ya shukrani, na halipaswi kuongezwa chumvi. Katika chuo kilekile cha Davis alikofanyia kazi bwana wa kobe, mwanasaikolojia Robert Emmons alishirikiana na Michael McCullough katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi matatu. Kwa wiki 10 kundi moja liliandika kila wiki hadi mambo matano ambayo wanayashukuru, la pili likaandika kero, la tatu matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa wema zaidi, wakaripoti maumivu machache ya mwili na wakafanya mazoezi zaidi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida hiyo ipo ila mara nyingi ni ndogo. Mtu mwenye sonona anahitaji msaada wa wataalamu. Kumwambia ashukuru tu ni kumwongezea mzigo.

Hilo ni muhimu ndani ya ndoa na familia pia. Kuna nyumba ambazo neno "shukuru" hutumika kumnyamazisha mtu. Mke anasema hela ya matumizi haitoshi, anajibiwa ashukuru hata hicho. Mtoto anasema amechoka kula maharage siku ya tano mfululizo, anaambiwa hana shukrani. Mtu anaweza kushukuru kwa nyanya tatu na wakati huohuo akasema wazi kwamba nyanya tatu hazitoshi watu saba. Yote mawili ni kweli, na nyumba yenye afya huruhusu yote mawili yasemwe.

Kiswahili, kwa bahati, kina namna ya kushukuru inayozidi asante. Mtu anapita na kumkuta mwenzake anafanya kazi, anamwambia "pole na kazi". Asante hushukuru kitu kilichopokelewa. Pole hukiri uchovu wa aliyekitoa. Watoto wengi huambiwa waseme "asante mama, nimeshiba" wanapomaliza, na ni vizuri. Wachache huingia jikoni kabla chakula hakijaiva, moshi ukiwa machoni mwa mpishi, wakasema "mama, pole na jiko". Wachache zaidi humwambia hivyo dada wa kazi, ambaye ndiye aliyemenya, akakatakata na kukaanga mpaka rojo likashikana. Baba akisema kwanza, watoto watafuata bila kufundishwa. Asiposema, hata wimbo wa shukrani wa shuleni hautasaidia.

Nyanya hiyo iliyofika kwa taabu inastahili pia kutumika vizuri. Sehemu kubwa yake ni maji, zaidi ya asilimia 90, lakini kilichobaki kina kazi. Ina vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, dengu na mboga za majani. Hiyo ni habari njema kwa nyumba isiyomudu nyama kila siku, hasa yenye watoto wadogo au mjamzito. Kwa kuwa moto hupunguza vitamini C, kachumbari kidogo pembeni ya maharage husaidia zaidi ya nyanya iliyochemka muda mrefu. Chai ya majani isubiri saa moja au mawili baada ya mlo, kwa sababu inazuia chuma hicho kufyonzwa.

Kwa upande mwingine, ile rangi nyekundu, likopini, mwili huipata vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo. Kidogo ni kijiko kimoja au viwili, si mafuta yanayoelea. Kwa hiyo anayependa mbichi na anayependa rosti wote wana hoja, na hakuna haja ya kugombana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Nyanya mbili za mchuzi wa familia nzima hazifiki huko, lakini zinahesabika.

Ziosheni kabla ya kukata, kwa maji safi yanayotiririka, mkisugua kwa mkono, kwa sababu nyanya hupigwa dawa za wadudu mara nyingi na pia hushikwa na watu wengi. Sabuni haihitajiki. Zilizoiva nusu zikae nje, mahali pa kivuli. Friji huzuia ladha yake kukamilika. Wanaonunua masalo, zile za bei ya chini zilizobonyea, wazikague moja moja. Iliyobonyea tu inakatwa pale palipoharibika, inapikwa siku hiyohiyo. Yenye ukungu inatupwa yote, maana ukungu huingia ndani ya nyama laini ya tunda mahali ambapo jicho halioni. Zikipatikana nyingi kwa bei ndogo, zichemsheni na kuzikausha maji hadi ziwe rojo zito, zipoe, zifungwe katika vifungu vidogo na kugandishwa. Mvua zikija na fungu likabaki na nyanya tatu, kutakuwa na akiba.

Na kama kuna ua, hata mdogo, angalieni pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mara nyingi kuna mnyanya umeota hapo bila kupandwa na mtu. Mbegu ilitoka kwenye sahani ya mtu fulani, ikapita na makombo, ikapata unyevu. Msiung'oe. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kuutunza: aufunge kwenye kijiti, aumwagilie shinani, aandike tarehe ya ua la kwanza la njano na tarehe ya tunda la kwanza la kijani. Itamchukua wiki kadhaa, na nyingine hukatisha tamaa, majani yakijikunja au tunda likitobolewa na mdudu. Akifika sokoni baada ya hapo ataliangalia fungu kwa jicho jingine. Tunda likianza kuwa jekundu, wekeni ulinzi mapema, kwa sababu kuku wa jirani nao watakuwa wameliona.